Kufuli Linalomfunga Mnunuzi

Liko neno moja katika lugha yetu ambalo linaharibiwa maana yake mbele ya macho yetu, nalo ni neno "kununua". Tangu tulipokuwa watoto vyuoni, tukipiga hati juu ya mbao, tulifunzwa kwamba kununua ni kununua na kukodi ni kukodi. Aliyenunua mbuzi amemmiliki mbuzi, na akitaka kumchinja, kumfuga au kumpa mkwewe, muuzaji hana la kusema. Aliyekodi nyumba ataishi humo kwa muda, na mwishowe atarudisha ufunguo kwa mwenyewe. Mambo haya mawili yote ni ya haki. Lakini kuyachanganya, mtu akapokea bei ya kuuza na huku akabaki na ufunguo mfukoni mwake, hilo wazee wetu hawakuliita biashara. Waliliita udanganyifu.

Siku hizi nyimbo na filamu huuzwa kwa njia ya mtandao. Mtu hubonyeza simu yake mahali palipoandikwa "nunua", pesa zikaondoka na wimbo au filamu ikaingia. Lakini aghalabu kitu hicho huja na kufuli ndani yake. Kufuli hili halionekani kwa macho, kwani ni kazi ya hesabu. Sauti au picha hufumbwa kwa maandishi ya siri, na kila unapotaka kusikiliza au kutazama, kifaa chako sharti kiwe na ufunguo wa kuifumbua. Ufunguo huo hutolewa na kampuni. Kampuni ndiyo huamua ni simu ipi itafungua, katika nchi ipi, mara ngapi na mpaka lini. Mnunuzi ameshika simu mkononi, lakini mwenye nyumba ni mwingine.

Mambo haya hayakuanza jana. Duka la nyimbo la kampuni ya Apple lilipofunguliwa huko Marekani mwezi wa Aprili 2003, kila wimbo uliuzwa kwa senti 99 ukiwa na kufuli la namna hiyo. Watu walinung'unika kwa miaka. Mwezi wa Februari 2007 mkuu wa kampuni hiyo, Steve Jobs, aliandika waraka wa wazi akizitaka kampuni kubwa za santuri zikubali nyimbo ziuzwe bila kufungwa. Hoja yake ilikuwa nyepesi kufahamika. Katika mwaka 2006, alisema, nyimbo zisizofika bilioni 2 ziliuzwa duniani zikiwa na kufuli, ilhali kampuni hizo hizo ziliuza nyimbo zaidi ya bilioni 20 katika sahani za CD zisizo na kufuli lolote. Basi kufuli lilikuwa likimzuia nani? Kufikia mwaka 2009 duka hilo liliacha kuzifunga nyimbo zake. Filamu, hata hivyo, zimebaki na kufuli mpaka leo, na vivyo hivyo nyimbo ambazo mtu husikiliza kwa kulipa kila mwezi.

Sisi watu wa pwani tulilionja kufuli hili mapema kwa mlango mwingine. Sahani za DVD zilipotoka, wenye filamu waliigawa dunia katika maeneo 6 ya biashara na kuyapa nambari. Kenya iliwekwa katika eneo la 5, pamoja na India na Urusi. Oman na nchi nyingine za Ghuba ziliwekwa katika eneo la 2, pamoja na Ulaya na Japani. Matokeo yake ni kwamba jamaa aliyeko Maskati akinunua filamu dukani kwa pesa zake halali na kumletea nduguye Mombasa, mashine iliyotengenezwa kwa eneo la 5 ilikuwa na haki ya kuikataa. Bahari ambayo babu zetu waliivuka kwa jahazi na tende na mazulia ilitiwa ukuta ambao hakuna serikali iliyoujenga.

Huenda msomaji aliyeko Nairobi akasema haya ni mambo ya kale, kwani mtandao sasa uko kila mahali na nchi nyingi zimefunguliwa. Namwomba afuatane nami hadi Turkana.

Hivi karibuni nilikuwa Lodwar kwa kazi, kisha nikapanda gari kwenda Kakuma, mwendo wa kilomita zipatazo 120 upande wa kaskazini magharibi. Kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa mwaka 1992, na sasa pamoja na makazi ya Kalobeyei ina watu zaidi ya 200,000. Wako waliotoka Sudan Kusini, Somalia, Kongo, Ethiopia, Burundi na kwingineko. Mtu akipita sokoni atasikia nyimbo za lugha kumi kabla hajafika mwisho wa njia. Sijaona mahali penye kiu ya muziki kuliko pale. Aliyeacha nyumba, shamba na makaburi ya wazazi wake, wimbo ndio mzigo aliouweza.

Nilikaa kivulini na mama mmoja mshonaji, mtu wa Kongo ya mashariki. Mwanawe amehamishiwa Marekani na huko anafanya kazi. Kijana huyo alimnunulia mama yake simu, akaijaza nyimbo za rumba na za kanisa kutoka katika huduma aliyoilipia kila mwezi, na juu yake akanunua filamu mbili. Simu ililetwa na mtu aliyekuwa akija. Kwa wiki kadhaa cherehani ilienda kwa muziki na jirani wakaja jioni kutazama filamu. Kisha siku moja simu ikakataa. Ikadai mtandao, ikadai jina la siri la mwenye akaunti, na filamu nazo zikatoa maneno ya Kiingereza ambayo kijana wa jirani aliyasoma kuwa eti hazipatikani katika nchi hii.

"Papa, mimi sikuiba kitu," mama aliniambia. "Mtoto alilipa."

Nami nasema mama huyu alisema kweli. Kuhusu zile nyimbo, sheria ya biashara itamjibu kwamba kijana alikodi, na aliyekodi hafuati masharti yake mwenyewe bali ya mwenye mali. Huduma nyingi za namna hii zina sharti la kurudi mtandaoni. Spotify, kwa mfano, ambayo ilifunguliwa Kenya mwezi wa Februari 2021, humruhusu aliyelipa kuhifadhi nyimbo katika simu, lakini sharti simu hiyo ionane na mtandao angalau mara moja kila siku 30. Kwa mtu wa Nairobi siku 30 si kitu. Kwa mtu wa Kakuma ambaye bando ya mtandao inashindana na unga, siku 30 ni muda wa kuhesabu kwa vidole.

Lakini vipi zile filamu? Zile hazikukodiwa. Zilinunuliwa, na neno lililoandikwa pale lilikuwa "nunua". Mtoto amemnunulia mama yake zawadi, na zawadi imekataa kutolewa. Ni biashara gani hii ambayo mtu hawezi kumpa mamaye alichokinunua?

Fauka ya hayo, kufuli hili limetengenezwa kwa kumfikiria mtu mmoja mwenye simu moja na akaunti moja, aliyekaa peke yake chumbani. Sisi hatusikilizi hivyo, na Kakuma hawasikilizi hivyo. Shirika la FilmAid lilipoanza kuonyesha filamu kambini humo mwaka 2001, watu walikusanyika usiku mbele ya turubai kubwa kama wanavyokusanyika ngomani. Simu moja Kakuma ina masikio ya nyumba nzima. Leo yuko kwa mama, kesho yuko kwa mjomba, na kesho kutwa imeuzwa kununulia dawa. Kufuli huona kila mmoja wa hawa kuwa ni mwizi.

Sasa nisikilizeni jambo la ajabu. Hatua chache kutoka kwa mama yule kuna kibanda cha kijana mwenye kompyuta ya mkononi. Kwa sarafu chache hukujazia kadi ya memori nyimbo za rumba, za Juba, za Mogadishu na za Nairobi, na filamu hizo hizo mbili anazo. Za kwake hazidai jina la siri, wala hazihesabu siku. Hazijali uko Kakuma au Chicago. Aliyelipa kwa haki amenyimwa, na angelipa kwa njia ya panya angepewa. Kama kuna hila ya kumfundisha mtu mwema kuwa mwizi, sijui iliyo bora kuliko hii.

Msinifahamu vibaya. Mimi ni mtu wa kalamu, na sitamtetea mwenye kula jasho la msanii. Nimekulia Mombasa zama za kaseti, na nimeona kwa macho yangu wizi ulivyowamaliza watu wetu. Mji ule ulikuwa na maduka yaliyorekodi taarab na kuiuza, kama Assanand hapo zamani na Mbwana Radio baadaye. Sauti za Juma Bhalo, Zein l'Abdin na Zuhura Swaleh zilitoka katika mji ule zikafika Lamu, Unguja, hadi Maskati. Lakini kaseti halali ikitoka asubuhi, jioni ya haramu ilikuwa imekwisha tandazwa barabarani kwa nusu ya bei. Mwenye sauti hakuona kitu. Mwenye mashairi aliona kidogo kuliko hicho.

Kwa sababu ya maumivu hayo, Kenya ilitunga Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, ambayo iliunda Bodi ya Hakimiliki na kuweka utaratibu wa vibandiko vya kuthibitisha kanda na sahani halali. Sheria hiyo hiyo inakataza kulivunja kufuli lililowekwa kuilinda kazi ya msanii. Katiba ya mwaka 2010 nayo, katika kifungu cha 40, inaitaka serikali kulinda haki za watu katika kazi za akili zao. Yote haya nayaunga mkono. Ninachouliza ni hiki: je, kufuli ndilo linalomlinda msanii wetu?

Nililiuliza swali hili Lodwar kwa mwimbaji mmoja kijana ambaye huimba kwa Kiturkana. Nyimbo zake hupigwa katika matatu na katika vibanda vya chai, na baadhi yake zina mwendo wa edonga, ngoma ya kwao ya kuruka. Alirekodi katika studio ndogo mjini humo. Alinionyesha wimbo wake mmoja katika kadi ya memori aliyoinunua sokoni. Wimbo ulikuwa mzima, sauti ilikuwa safi, ila mahali pa jina la mwimbaji palikuwa na nambari tu.

"Mzee," alisema, "wakinakili, sitawaweza. Lakini mbona wananifuta?"

Nilidhani atazungumza kwanza juu ya pesa, na kumbe pesa alikuwa akizungumza. Msanii wa Lodwar hali kwa kuuza nyimbo mtandaoni. Anakula kwa kuitwa arusini, katika mikutano, na katika tamasha kama Tobong'u Lore, ambalo huwakusanya wasanii pale pale mjini kwake. Anayeupenda wimbo wake na asijue ni wa nani, atamwitaje? Jina likifutika, riziki imefutika. Na kufuli la kampuni kubwa halimsaidii hata kidogo, maana yeye hana kampuni kubwa. Kufuli hilo hulinda nyimbo za wengine katika simu za watu wasioweza kumlipa, wakati wake unatembea uchi bila jina.

Hapa ndipo nilipowakumbuka wazee wetu, kwani jambo hili wao walilitafakari kabla ya umeme kufika.

Mshairi wa Kiswahili hakuwa na kufuli. Utenzi wake ulinakiliwa kwa mkono na kila aliyeupenda, na kuimbwa na kila mwenye sauti. Alijua hawezi kuwazuia, wala hakutaka. Basi alifanya nini? Alilitia jina lake ndani ya kazi yenyewe. Katika beti za mwisho alisema ni nani aliyetunga na mwana wa nani, na aghalabu akataja mwaka na idadi ya beti. Mwana Kupona binti Mshamu alipomtungia bintiye utendi mwaka 1858 hakuacha nafasi ya mtu kuuliza ni kazi ya nani. Jina limefumwa ndani ya vina na mizani, hata mwenye kulitoa ataubomoa ubeti. Na idadi ya beti ikitajwa, mwenye kupunguza au kuongeza atajulikana. Hiyo nayo ni hifadhi, lakini ni hifadhi isiyomfungia mlango msomaji. Kila nakala mpya ilikuwa shahidi mpya wa mtunzi.

Na iko faida ya pili. Muyaka bin Haji wa Mombasa alifariki mwaka 1840. Hakuacha kitabu kilichopigwa chapa. Mashairi yake yalibaki katika vifua vya watu na katika karatasi za waliojinakilia, mpaka Mwalimu Sikujua alipoyakusanya pamoja na Mwingereza Taylor, na diwani yake ikachapishwa mwaka 1940, miaka 100 baada ya kifo chake. Lau mashairi yale yangekuwa na kufuli na ufunguo uko kwa tajiri fulani, tajiri akifa au akifilisika, leo Muyaka tungemjua wapi?

Swali hili si la mzaha, maana matajiri hufunga maduka. Mwaka 2019 kampuni ya Microsoft ilifunga duka lake la vitabu vya mtandaoni, na vitabu vilivyonunuliwa humo vikaacha kufunguka. Wanunuzi walirudishiwa pesa zao, na hilo ni jambo jema, lakini vitabu viliondoka. Mwezi wa Desemba 2023 kampuni ya Sony iliwatangazia wateja wake kwamba vipindi vya Discovery walivyovinunua vitaondolewa mwisho wa mwezi huo. Kelele zilipopigwa na mapatano mapya kufanywa, uamuzi ule ulirudishwa nyuma. Lakini yule aliyedhani ana mali alikwisha kuonyeshwa kuwa alikuwa mpangaji.

Katika jimbo la California, ambako ndiko makao ya nyingi ya kampuni hizi, gavana alitia saini sheria mwezi wa Septemba 2024 ya kuzuia maduka ya mtandaoni kutumia neno "nunua" bila kumweleza mteja waziwazi kwamba anachopata ni ruhusa tu ambayo huweza kuondolewa. Sheria hiyo ilianza kazi mwaka 2025. Haikuvunja kufuli. Imetaka tu neno liseme kweli. Nami naona ikiwa watu wa California, wenye mtandao usiku na mchana, wameona haja ya kulindwa na neno hilo, seuze mama mshonaji wa Kakuma.

Basi maoni yangu ni haya. Kwanza, Bunge letu lilichukue jambo hili. Duka lolote linaloandika "nunua" mbele ya Mkenya, au mbele ya mgeni aliyeko Kenya, liuze kwa maana ya kuuza. Kama linakodisha, liandike "kodi" na litaje muda. Pili, kitu kilichouzwa kiweze kufunguka mahali pasipo na mtandao, na kiweze kuhamishwa kwa mzazi au mtoto kama kinavyohamishwa kitabu. Tatu, nguvu tunazozitumia kuwatetea wenye makufuli tuzitumie kulitetea jina. Sheria yetu inamtambua mtunzi, basi na ampate mtetezi. Kijana wa kibandani asibughudhiwe tu na polisi, bali apewe leseni nyepesi, alipe kidogo kila mwezi kupitia simu, na awajibike kuuza kila wimbo ukiwa na jina la mwimbaji wake.

Hili si ndoto. Huduma ya Mdundo, iliyoanzia Nairobi mwanzoni mwa miaka ya 2010, imekuwa ikiwaachia watu wapakue nyimbo zisizo na kufuli, ikatia ndani yake tangazo fupi la biashara, na sehemu ya pesa za tangazo ikawaendea wasanii. Mtu anaweza kulalamika juu ya kiasi wanachopewa, na haki yake. Lakini njia imeonekana: wimbo unatembea, jina linatembea nao, na malipo yanafuata nyuma.

Mwenye kuiba ni mwizi, na sitamwita jina jingine. Lakini mlango unaomwachia mwizi apite na kumfungia mwenye nyumba nje haustahili kuitwa ulinzi. Kwa kuwa nimewataja washairi, na wao hawakubali mtu aondoke mkono mtupu, nawaachia ubeti huu:

Kufuli silo la mwivi, ni la aliyenunua,
Mwivi hapitii hivi, dirisha amelijua,
Mwema hatendi ugomvi, ndiye wanayemwumbua,
Tulipe pasipo wivi, wimbo tukiuchukua.